Kupima Figo Si Kukaribisha Maradhi

 

Ndugu zetu Waislamu, katika darsa zetu baina ya Magharibi na Isha twaulizwa mas-ala mengi ya tohara na sala na mirathi, nasi twajitahidi kuyajibu kwa kadiri ya elimu tuliyojaaliwa. Miezi hii tumeulizwa, na watu zaidi ya mmoja, mas-ala ambayo hatukuyakuta katika vitabu tulivyosomeshwa na masheikh zetu: Je, yafaa mtu mzima, asiyeona maumivu yoyote, kwenda hospitali kwa miguu yake ili apimwe mafigo? Au huko ni kukaribisha maradhi, na kupungukiwa na tawakali, na kutaka kuchungulia ghaibu?

Wa kwanza kuuliza alikuwa na sababu yake. Ana nduguye Lodwar, huko Turkana, aliyetoka kwetu pwani angali kijana akaenda kufungua duka la nguo na vyombo. Akaoa huko, akazaa, akajenga. Miaka mingi alikuwa na presha, naye akijua, lakini dawa akizila siku kichwa kimuumapo tu. Miguu ikaanza kufura, akasema ni joto la Lodwar. Akawa mchovu, akasema ni uzee, hali hajatimiza miaka hamsini. Akanunua vidonge vya maumivu akavitafuna kama njugu, na mara kwa mara akanywa miti ya kuchemshwa aliyoletewa na rafiki. Siku aliyoanguka akitapika ndipo alipotolewa damu ikapimwa, na daktari akamwambia kwamba mafigo yake yote mawili yamekwisha kazi. Tangu siku hiyo maisha yake yamefungwa na mashine: mara mbili kwa wiki hulazwa kitandani saa nne, damu yake itolewe, isafishwe, irudishwe. Duka laendeshwa na mkewe. Naye ndugu huyu wa hapa kwetu akakumbuka kwamba baba yao pia alikufa mwili umemfura, na watu wakasema amerogwa. Basi akatuuliza: na mimi je?

Tumeona tulijibu jambo hili kwa kituo, kwani si lake peke yake.

Kwanza yafaa mtu ajue ni kitu gani hicho tunachokitaja. Mafigo ni mawili, kila moja kadiri ya ngumi ya mtu, yamekaa nyuma ya matumbo, huku na huku ya uti wa mgongo. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana visivyoonekana kwa macho, kiasi cha milioni moja. Kwa siku moja huchuja maji ya damu yapatayo lita 180, na karibu yote huyarudisha mwilini, asipoteze mtu ila lita moja na nusu au mbili za mkojo pamoja na uchafu uliomo. Nayo ndiyo yanayopima chumvi na maji, yanayosaidia kushika presha isipande wala isishuke, na yanayoupa mwili amri ya kutengeneza damu. Kazi yote hiyo yafanyika nasi tumelala. Lau mtu angeajiriwa kuifanya asingeiweza hata robo saa.

Na katika hekima yake Mwenyezi Mungu ameyaumba yakiwa na ziada kubwa. Mtu aweza kuishi na figo moja akafika uzeeni. Lakini ziada hiyo hiyo ndiyo inayotuhadaa. Figo hufa kidogo kidogo bila ya kupiga kelele. Mtu hupoteza nusu ya nguvu zake, na zaidi ya nusu, naye anakula, anafanya biashara, anakwenda arusini, hana habari. Miguu ikifura, na hamu ya chakula ikikatika, na mwili ukimwasha, mara nyingi imebaki sehemu ndogo mno ya kuokoa. Jino likioza lauma, na jicho likiharibika mtu ataona kiwi. Figo haina ulimi. Kwa hivyo asemaye, "Nitakwenda hospitali nikiumwa," katika maradhi haya amesema kwamba atakwenda yakisha.

Sasa twawarudisha Turkana, kwani huko mna ibra ambayo sisi tuliikuta bila ya kuitafuta. Tulikwenda Lodwar na Kakuma, sisi na wenzetu wawili wa darsa, kuwazuru ndugu zetu wa huko. Wazee watakumbuka kwamba Lodwar ilikuwa ni mahali ambapo serikali ya Kiingereza iliwapeleka wale iliotaka wasahauliwe. Mzee Jomo Kenyatta aliwekwa huko mwaka 1959 alipotolewa jela ya Lokitaung, akakaa hata 1961. Ni nchi ya jua. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 200, ambazo sisi huku pwani twaweza kuzipata katika mwezi mmoja wa masika. Mto Turkwel wapita ubavuni mwa mji, na maji ya Lodwar hupatikana kwa visima vilivyochimbwa karibu na mto huo. Lakini ukiuacha mto, visima vingi vya nchi ile vina chumvi, na vingi vina ile madini ya floridi kupita kipimo cha miligramu moja na nusu kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Ziwa Turkana lenyewe, kwa ukubwa wake wote, halina mto wa kulitoa maji, basi chumvi yake hubaki humo humo. Mwaka 2013 ilitangazwa kwa shangwe kwamba chini ya uwanda wa Lotikipi limeonekana ziwa kubwa la maji. Ilipokuja kuchimbwa, yakatoka maji ya chumvi yasiyonyweka bila ya kusafishwa. Qadarallahu wa maa shaa faala.

Katika nchi hiyo wamekaa Waturkana na mifugo yao, wakinywa maziwa na damu, wakila nyama, wakienda mwendo mrefu juani kwa maji machache. Mtu wa kwetu akifanya hivyo siku tatu atakufa. Wataalamu wa Kenya na wa Marekani, wakiwamo wa taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI, walikaa miaka wakiwapima damu na mkojo, wakashauriana na wazee wao, na Septemba 2025 wakatoa matokeo yao katika jarida la Science. Waliona kwamba watu wengi waliowapima walikuwa wamepungukiwa na maji mwilini, na juu ya hayo wazima. Wakaona pia kwamba katika urithi wa Waturkana mna chembe iitwayo STC1, ambayo kazi yake imo katika figo, nayo imetengenezwa kwa namna ya kulisaidia figo lizuie maji yasitoke, na yaonekana kuwalinda na taka za ulaji wa nyama nyingi. Subhanallah! Mwenye kuumba figo amewapa watu wa jangwa figo la jangwa.

Lakini angalieni yaliyofuata. Wataalamu hao hao walikuwa wametoa utafiti mwingine mwaka 2020, wakiwapima Waturkana walio malishoni na walio mjini. Wale wa malishoni, na hata wale walioacha mifugo lakini wakabaki mashambani, walikuwa na siha njema. Waliohamia mijini ndio walioonekana na presha na unene na sukari. Mtu ni yule yule, na damu ni ile ile. Kilichobadilika ni unga mweupe, na sukari, na mafuta ya kukaangia, na kukaa kitako. Na ule urithi uliomhifadhi babu yake jangwani, wataalamu wanaogopa kwamba mjini waweza kumgeukia. Tuliyaona wenyewe katika vibanda vya chai vya Lodwar. Kijana ambaye babuye hakuijua sukari, alitia vijiko vitano katika kikombe kimoja, kisha akaagiza mandazi matatu. Hatumlaumu sana, maana sisi wa pwani ndio tuliowafundisha watu wa bara chai hiyo, na mandazi hayo pia.

Kakuma nako ni habari nyingine. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan, na leo mna Wasudani Kusini, na Wasomali, na Wakongo, na Warundi, na Wahabeshi, pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyoongezwa baadaye upande wa magharibi. Misikiti imo, na darsa zimo, na Kiswahili chasemwa mpaka na watoto waliozaliwa na wazazi wasioelewana lugha. Mtu wa Kakuma hala apendacho, hula apewacho. Maji yake ni ya foleni. Na mtu aliyekimbia na roho yake hana karatasi ya hospitali aliyotoka, wala hajui presha yake ilikuwa ngapi miaka kumi iliyopita. Huyu akiharibikiwa na figo, na akaandikiwa mashine ya Lodwar, kuna mwendo wa kilomita 120 hivi baina ya kitanda chake na mashine hiyo, kwenda na kurudi, kila mara, maisha. Na jambo jingine kubwa kuliko hilo, kama la kupandikizwa figo, lamtaka aende Eldoret au Nairobi. Kwa mtu kama huyu kipimo cha mapema si anasa ya wenye pesa. Ndicho kitu pekee alichokaribiana nacho, kwa sababu presha na mkojo vyaweza kupimwa hata katika zahanati ndogo, na mashine ya kusafishia damu haiwezi kuwekwa kila pahali.

Tukisha kusema hayo, twarudi katika mas-ala yenyewe.

Wapo wasemao kwamba kupimwa hali mtu ni mzima ni kinyume cha tawakali. Twawaambia: hamkuifahamu tawakali. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza bedui amfunge ngamia wake kwanza kisha ndipo amtegemee Mungu, naye ngamia yule alikuwa hajapotea bado. Lau ingekuwa tahadhari huja baada ya msiba, angemwambia amwache, akipotea ndipo aitafute kamba. Na Mtume aliwaamrisha watu wajitibu, akawajulisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameteremsha na dawa yake. Na katika Suratul Baqara mna katazo la mtu kujiingiza mwenyewe katika maangamizo. Mwenye sukari na presha, aliyeambiwa na daktari akapimwe figo kila mwaka naye akakataa, twaogopa kwamba katazo hilo lamgusa.

Wako wengine wasemao: lililoandikwa limeandikwa. Naam, limeandikwa. Lakini Sayyidna Umar alipokuwa akienda Sham, kiasi cha mwaka wa 18 wa Hijra, akapata habari akiwa mahali paitwapo Sargh kwamba tauni imeingia nchi ile, aliwashauri Muhajirina na Ansari na wazee wa Kikureshi, kisha akaazimia kurudi Madina na watu wake. Abu Ubaida, naye ni katika wabora wa sahaba, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kwamba kurudi kwao nako kumo katika kadari hiyo hiyo, akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyekuta bonde lenye pande mbili, mmoja una majani na mmoja mkavu. Akiwalisha huku au huko, kote ni kwa kadari, lakini mwenye akili hawapeleki ukavuni. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf, akawapa hadithi ya Mtume iliyoafikiana na rai ya Umar. Haya, ikiwa Umar na Abu Ubaida walikwisha kuyazungumza haya na yakaamuliwa, sisi ni nani hata tuyafufue leo kwa ajili ya kuogopa sindano?

Na hasa hapo ndipo penye siri. Wengi hawana hoja ya dini; wana khofu, wakaivika kanzu ya dini. Mtu aogopa kuambiwa. Hili ni jambo la kibinadamu, wala si haya kuliogopa. Lakini ajue kwamba daktari hatii maradhi katika mwili, huyakuta. Na maradhi ya figo yakikutwa mapema si hukumu ya kifo. Wengi wanaokutwa nayo mwanzoni hawafiki kwenye mashine kabisa, wakishika dawa ya presha kila siku na kuizuia sukari. Siku hizi kuna dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya ugonjwa wa sukari, zikaonekana kuwa zalinda na figo pia, hata la mtu asiye na sukari. Hakuna dawa katika hizo inayolifufua figo lililokufa. Zote zalihifadhi lililo hai, basi faida yake yategemea umekuja na kiasi gani.

Kipimo chenyewe ni kidogo hata twastahi kukieleza kwa urefu. Presha hupimwa mkononi. Mkojo hutiwa katika kichupa, ukatazamwa kama mna protini iitwayo albumini, ambayo figo zima haiachi ipite. Damu kidogo hutolewa, ikapimwa taka iitwayo kreatinini, na kwa hiyo hukisiwa figo lachuja kwa kadiri gani. Hesabu hiyo ikiwa chini ya 60, na ikabaki hivyo miezi mitatu, basi figo lina maradhi. Ikiwa chini ya 15, limeshindwa. Twatilia nguvu neno miezi mitatu, kwa sababu mtu aweza kupimwa siku ana homa, au ametoka juani hana maji mwilini, ikaonekana hesabu mbaya kisha ikarudi. Asilie kwa karatasi moja. Vile vile asifurahi kwa karatasi ya damu peke yake: albumini yaweza kuonekana katika mkojo miaka kabla ya damu kubadilika. Mwenye kupimwa na aulize vyote viwili.

Nao wapasao kutangulia ni wenye sukari na wenye presha, kwani hao ndio wengi wa wanaofika kwenye mashine. Kisha mwenye mzazi au ndugu aliyeugua figo, kama huyu mwenzetu aliyeuliza. Na mwenye maradhi ya moyo. Na mwenye virusi vya ukimwi. Na waliopita miaka sitini. Na mwanamke aliyepandwa na presha katika uja uzito. Na mtu aliyezoea kumeza vidonge vya maumivu. Twasema wazi juu ya vidonge hivi, maana vyauzwa madukani kama peremende: diklofenaki na ibuprofeni na jamii yake huliumiza figo vikitumiwa kwa wingi na kwa muda, na zaidi mtu akiwa na presha, au akiwa amekauka kwa joto. Na joto la Lodwar mmekwisha kulisikia. Huko Amerika ya Kati, katika Nicaragua na El Salvador, wakata miwa vijana wasio na sukari wala presha wamekufa kwa maradhi ya figo maelfu, na wataalamu wengi waona kwamba kazi ngumu juani bila ya maji na mapumziko ya kutosha ina sehemu kubwa katika sababu zake. Basi wachukuzi wetu wa bandarini na waashi wetu wasidhani habari hii ni ya wazee wenye matumbo.

Ama miti ya kuchemshwa, hatusemi miti yote ni mibaya. Masheikh zetu wametibu kwa miti na asali na habasoda, na dawa nyingi za hospitali asili yake ni miti. Lakini twamkataza mtu kunywa kitu asichokijua kwa kipimo asichokijua, kwa kuwa tu ameambiwa chasafisha figo. Mwaka 1993 madaktari wa Brussels, katika nchi ya Ubelgiji, walieleza habari za wanawake waliokunywa dawa ya miti ya kupunguza unene, ikawaharibu mafigo hata wengine wakafikia kwenye mashine. Na baadaye saratani ikawatokea baadhi yao. Ilikuwa ni miti, tena ikiuzwa kwa jina la tiba ya asili. Na yule asemaye kwamba kufura miguu ni uchawi, akala pesa za mgonjwa kwa ramli na kafara, huyo tumekwisha kumsema mara nyingi katika kurasa hizi na hatutachoka: amemla mtu maskini, na amemchelewesha mpaka pasiwe na njia. Baba wa yule ndugu yetu alikufa na jina la aliyeshutumiwa kumroga likabaki katika mtaa, watoto wa nyumba mbili hawasalimiani hata leo. Lau angepimwa mkojo, pengine asingekufa siku ile, na kwa yakini ugomvi ule usingekuwapo.

Watu watasema, na mwenye pesa ni nani? Ni kweli kwamba mashine ni ghali. Serikali ya Kenya ilianza mwaka 2015 kuzipeleka mashine za kusafisha damu katika hospitali za kaunti, na bima ya serikali, iliyokuwa ikiitwa NHIF na tangu Oktoba 2024 ni SHA, hulipia. Na wagonjwa wengi wameishi kwa hiyo. Lakini bima hailipi nauli ya mgonjwa, wala chakula cha watoto siku ambazo baba amelala kwenye mashine. Hapa ndipo matajiri wetu walipo na haki ya kuulizwa. Twawaona wakijenga mnara juu ya mnara, na mwezi wa Ramadhani wakigawa tende katika misikiti iliyokwisha kujaa tende. Mgonjwa maskini ni katika wapasao zaka bila ya khitilafu. Na wakfu wa nyumba moja ya kupangisha, kodi yake ikalipia vipimo vya mkojo na damu vya mtaa mzima na nauli za wagonjwa wa mashine, ni sadaka yenye kuendelea kama kisima. Dunia nzima wakisiwa watu milioni 850 kuwa na maradhi ya figo ya namna moja au nyingine, na Mei 2025 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio la kwanza juu ya afya ya mafigo. Wameamka wao, sisi tungali twabishana kama inafaa kuamka.

Tumeulizwa pia juu ya kumpa ndugu figo moja. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah cha Februari 1988, imejuzisha mtu aliye hai kumpa mwenziwe kiungo kwa masharti, na miongoni mwake ni kuwa mtoaji asidhurike kwa dhara ya kuyaharibu maisha yake ya kawaida, na kwamba atoe kwa hiari yake, na asiuze. Kuuza ni haramu. Na hili si neno la vitabuni tu: mwaka 2025 serikali ilisimamisha upandikizaji wa mafigo katika hospitali moja ya Eldoret kwa tuhuma za biashara ya viungo, na vijana maskini wakasema mbele za watu kwamba waliuza. Mtu auzaye figo lake kwa ajili ya deni ameuza kisichokuwa chake.

Ama saumu, mwenye figo dhaifu asifunge wala asifungue kwa fatwa ya jirani. Amuulize daktari mwaminifu kabla ya Shaaban kwisha. Ambaye figo lake limeharibika sana, kufunga katika joto kwaweza kumaliza lililobaki. Huyo ana ruhusa, na ikiwa maradhi yake hayatarajiwi kupona atoe fidia ya kulisha maskini kwa kila siku, wala asione unyonge. Asafishwaye damu kwa mashine, wanazuoni wengi wa zama hizi wamesema saumu ya siku hiyo haisihi, kwa kuwa damu hurudi mwilini pamoja na sukari na chumvi zilizotiwa. Basi asijitese kwa kuyakusanya yote mawili. Tulimkuta Lodwar mzee mmoja aliyekuwa akificha vidonge vyake vya presha mwezi mzima wa Ramadhani ili watoto wasimwone anakula. Vidonge vingi vya presha vyaweza kunywewa usiku, daktari akiruhusu, na mzee yule hakuna aliyemwambia.

Kwa hivyo jibu letu kwa ndugu aliyeuliza ni hili: kapimwe, tena wewe na watoto wako wakubwa, na umpeleke dada yenu ambaye hamkumtaja. Kwenda kwako kwa nia ya kuhifadhi amana ya Mungu twatarajia kuna thawabu.

Darsa yetu imekubaliana na wauguzi waliojitolea kwamba Alhamisi ya pili ya Machi, ambayo ndiyo siku ya mafigo duniani, watakuja kupima presha na mkojo, wanaume baada ya Asri, na wanawake asubuhi kwa wauguzi wa kike. Tumeulizwa kama yafaa kupimia msikitini. Mkojo ni najisi, haufai kuingizwa ndani ya msikiti hata ukiwa katika kichupa kilichofungwa. Kwa hivyo tutatumia vyumba vya madrasa vya upande wa barabarani. Vichupa vitatolewa hapo hapo, choo kipo na maji yapo, na mwenye kupatwa na tone nguoni ataosha mahali hapo tu kisha asali. Anayetumia dawa asiache kuzila siku hiyo. Aje na pakiti zake zote mfukoni, na za miti pia, wauguzi wazione.